Mwana Aliye Katika Nchi ya Theluji



Tumepokea barua ya mama mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, mjane, ambaye mwanawe wa pekee anakaa na mke na watoto wawili katika jimbo la Texas, nchi ya Marekani. Barua yenyewe ni fupi. Aomba Misa kwa ajili ya mwanawe, kwa kuwa majira ya baridi yanakaribia tena huko, na majira yaliyopita umeme ulikatika nyumbani kwake siku mbili, usiku na mchana. Kisha, kama mtu atajaye jambo dogo, asema kwamba usiku ule mwanawe alipompigia simu na kulalamika baridi, yeye alimshauri awashe mkaa katika jiko lake la kuchomea nyama, aliingize chumbani, afunge milango na madirisha, awafunike watoto vizuri. Mwana akajibu, "Ndiyo, mama." Hakusema kama alifanya au hakufanya. Asubuhi wote walikuwa hai.

Misa tumekwisha kuitoa. Lakini haitupasi kunyamaza juu ya ushauri ule. Ulitoka katika upendo mtupu wa mama, nao ungaliweza kuziua roho nne kabla ya mapambazuko. Twajua pia kwamba mama huyu si peke yake. Siku hizi ni parokia chache zisizo na mwana au binti aliye ng'ambo. Tena wako ndugu zetu Wakongo waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, wakasali nasi, wakaimba nasi, kisha wakapelekwa kuanza maisha mapya Marekani. Wengi wao wamefikia miji ya baridi kali ambayo majina yake hawakuwa wameyasikia kabla ya kupewa tiketi ya ndege. Hao wote huwapigia simu wazee wao wanapotishika. Ni vema basi wazee tujue la kuwajibu.

Yatupasa kwanza kufahamu nyumba ya huko ilivyo. Nyumba yetu ya shambani ina nafasi kati ya ukuta na paa, mlango haukazi sana, upepo huingia utakavyo. Twailaumu kwa hayo, lakini ndiyo yanayotuokoa tunapoota moto ndani. Nyumba ya nchi ya baridi imejengwa kinyume: kila ufa umezibwa, madirisha yana vioo viwili, ili joto lisitoke. Joto lenyewe hutoka katika mashine, na mashine karibu zote zahitaji umeme. Hata ile inayochoma gesi yategemea umeme kuliwashia na kuuendesha upepo wake. Waya mmoja ukikatika barabarani, basi taa, joto, jiko, na mara nyingi maji pia, vyote huondoka pamoja. Sisi ambao umeme hutukatikia mara kwa mara tumezoea kuwa na kibatari pembeni na mkaa kwenye gunia. Mwenzetu wa huko aweza kukaa miaka kumi bila kukatikiwa hata saa moja, na siku ikifika hana hata kiberiti.

Siku hiyo imefika mara nyingi, nayo haiheshimu sikukuu. Mwezi wa Januari 1998, katika juma lile lile la Epifania, mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo huko Quebec, Ontario na New Brunswick, nchi ya Kanada. Haikuwa theluji, bali mvua iliyoganda papo hapo ilipogusa kitu. Kila waya na kila tawi likavikwa barafu nzito, mpaka nguzo za mbao zikavunjika kwa maelfu na minara mikubwa ya chuma ikainama na kuanguka. Watu kama milioni 4 wakakosa umeme, na serikali ikatuma askari zaidi ya 15,000 kusaidia. Mahali pengine, kama kandokando ya Saint-Jean-sur-Richelieu, wapo waliongoja zaidi ya mwezi mmoja. Tufikirie: mwezi mzima wa Januari ya Kanada.

Texas ilikuwa ajabu zaidi, maana ni nchi ya joto. Watu wa huko hawajazoea baridi, wala mitambo yao haikutengenezwa kwa baridi. Mwaka 2021, katikati ya Februari, baridi ya kaskazini iliteremka mpaka Ghuba ya Mexico. Katika mji wa Dallas kipimo kilishuka nyuzi 19 chini ya sifuri. Visima na mabomba ya gesi yakaganda, mitambo ya umeme ikazimika mmoja baada ya mwingine, wakati kila nyumba ilikuwa ikidai joto zaidi. Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15, wasimamizi wa umeme wakalazimika kuwakatia watu ili gridi nzima isianguke. Baadaye ilijulikana kwamba zilikuwa zimesalia chini ya dakika tano. Tena gridi ya Texas, kwa desturi ya jimbo hilo, karibu yote imejitenga na majimbo mengine, hata msaada wa jirani haukuweza kupita kwa wingi. Nyumba na maduka zaidi ya milioni 4 na nusu yakakaa gizani. Mabomba ya maji yakapasuka ndani ya kuta. Mamilioni ya watu wakaambiwa wachemshe maji ya kunywa, nao hawakuwa na moto wa kuyachemshia. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 17, na parokia kadhaa hazikuweza kufungua milango. Majivu yalibaki katika sakristia, na waamini wakatubu vitandani mwao chini ya mablanketi.

Idara ya afya ya jimbo lile ilihesabu waliokufa kuwa 246. Thuluthi mbili hivi waliuawa na baridi yenyewe. Lakini 19 waliuawa na kitu kile kile ambacho mama yetu alimshauri mwanawe akiingize chumbani.

Hapa twaomba radhi tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha barua hii. Mkaa unapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiumi kooni. Moshi humfukuza mtu. Hewa hii humbembeleza. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu mahali pale panapopaswa kuchukua oksijeni, na damu iliyoshikwa hivyo haibebi uhai tena. Mtu huanza kuumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, huhisi uchovu, hutaka kulala. Aliyekwisha lala hajui lolote. Ndiyo maana hukutwa wote pamoja asubuhi, baba, mama na watoto, wamelala kwa utulivu kama waliochoka na safari.

Sisi wenyewe tulipokuwa seminari kuu, katika baridi ya mwezi wa Juni, tuliingiza jiko la mkaa chumbani tukisoma kwa ajili ya mtihani. Mwenzetu mmoja alitoka nje kutapika, akaanguka mlangoni, na mlango ule uliofunguka ndio uliotuokoa watatu tuliobaki, ambao tulikuwa tumekwisha kusinzia juu ya vitabu vya Teolojia ya Maadili. Gombera hakutuadhibu. Alilibeba jiko kwa mikono yake mwenyewe mpaka uani. Tangu siku ile hatujapata kulala penye mkaa, wala hatutamshauri yeyote. Ndugu wa Njombe na Makete, nanyi mnaoota moto ndani katika mwezi wa Julai, maneno haya ni yenu kama yalivyo ya Texas, hasa ninyi mliojenga nyumba mpya zenye dari na madirisha ya vioo.

Basi jiko la mkaa lisiingie ndani, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Jenereta isiwashwe ndani, wala katika banda la gari, wala chini ya dirisha. Ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani. Jiko la kupikia la gesi lisitumiwe kupashia chumba joto. Gari lisiwashwe ndani ya banda lake, hata mlango wa banda ukiwa wazi. Huko Texas wapo walioingia garini kutafuta joto wakafia humo. Huuzwa pia kifaa kidogo cha kutundika ukutani, chenye betri, kinachopiga kelele hewa hii inapozidi. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya viatu. Kijana atakayesema hana fedha ya kifaa hicho na amewanunulia watoto viatu vya michezo, na amkumbuke Gombera wetu.

Wako Wakristo wema watakaouliza kama matayarisho haya yote si kukosa imani. Je, Bwana hakumwita mpumbavu yule tajiri aliyejenga ghala kubwa zaidi? Alimwita hivyo. Lakini tusome vizuri: tajiri yule alijiwekea yeye peke yake, tena apumzike na kunywa. Yosefu katika Misri aliweka nafaka miaka saba, na taifa zima likala, hata ndugu zake waliomwuza. Nacho kitabu cha Mithali, katika sura ya mwisho, kinapomsifu mke mwema, kinataja jambo ambalo sisi wa nchi ya jua hulipita haraka bila kulitazama: kwamba haiogopi theluji kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake. Hakisemi haiogopi kwa kuwa amesali, ijapokuwa bila shaka alisali. Chasema haiogopi kwa sababu amekwisha kuwavika wote. Bwana wetu mwenyewe, alipowaonya wanafunzi juu ya siku za taabu, aliwaambia waombe kukimbia kwao kusiwe wakati wa baridi. Alijua baridi ni nini. Alizaliwa katika zizi.

Na mke huyo wa Mithali, kama angalikaa leo katika nyumba ya ghorofa huko ng'ambo, angalifanya nini? Angaliweka maji mapema, maana mtu mmoja ahitaji kama lita 4 kwa siku, kwa kunywa na usafi mdogo, na dhoruba huchukua siku tatu au zaidi. Angaliweka chakula kisichohitaji moto: mikate, karanga, maharagwe ya kopo na kifungulio chake (watu wengi husahau kifungulio). Angalikuwa na dawa za juma zima, na kama yumo mgonjwa anayetegemea mashine ya kupumulia, angaliuliza mapema, siku ya jua, ni wapi atakapompeleka umeme ukikatika. Simu zote angalizijaza chaji siku dhoruba inapotangazwa, pamoja na betri ya akiba. Tochi angaliipenda kuliko mshumaa. Mishumaa iliyobarikiwa siku ya Kutolewa Bwana Hekaluni tunaiheshimu sana, na ni desturi njema kuiwasha wakati wa tufani na kusali; lakini iwashwe mezani, wazima wakiwa macho, isiachwe karibu na mapazia na watoto waliolala. Mshumaa umechoma nyumba nyingi katika usiku ambao wazima-moto hawawezi kufika.

Umeme ukiisha kukatika, familia yote na ikae katika chumba kimoja kidogo, mlango umefungwa, nguo zimezibwa chini yake, mapazia yameshushwa. Nguo nyepesi nyingi, moja juu ya nyingine, hupasha joto kuliko koti moja zito, na kichwa kifunikwe. Mtoto mchanga asirundikiwe mablanketi usoni. Joto lake ni kifua cha mama aliye macho. Bomba la maji liachwe lidondoke kidogo kidogo, maana maji yanayotembea hayagandi upesi, na mwenye nyumba ajue mahali pa kufungia maji yote bomba likipasuka. Mlango wa friji usifunguliwe ovyo: ukifungwa, chakula hudumu kama saa 4, na jokofu la kugandishia lililojaa hudumu hata saa 48. Pombe haimpashi mtu joto. Huleta damu kwenye ngozi, mtu akajiona amepata moto, kumbe joto la moyoni linatoka nje. Na mzee akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akiacha kutetemeka ingawa baridi haijapungua, huyo hajatulia. Mwili wake unazimika, naye ahitaji msaada saa ile ile.

Tumefika mahali pagumu kidogo kwa sisi tuliobaki nyumbani. Yule kijana wa Texas, twauliza, kwa nini hakuwa na kifaa, wala akiba, wala tochi? Mama yake mwenyewe ametupa jibu bila kukusudia. Katika barua hiyo hiyo amshukuru Mungu kwa mwana mwema, ambaye mwezi ule wa baridi alituma fedha za bati, na mwezi uliofuata karo za binamu wawili. Twamsifu mwana huyo. Lakini ni wangapi kati yetu tumepata kuuliza, kabla ya kutaja bati, kama yeye amekwisha kununua koti? Kijana wa kwetu haombi radhi kwa wazee kwa sababu ya baridi. Huona haya kusema kwamba katika nchi ile ya utajiri analala na viatu. Hutuma fedha, hukaa kimya, na sisi twauchukua ukimya wake kuwa neema. Amri ya nne yamtaka mwana awaheshimu wazazi. Haiwaruhusu wazazi kumvua nguo mwana. Yafaa kila ukoo wenye mtu katika nchi za baridi ukubaliane hivi: tangu Oktoba mpaka Novemba fedha yake ya kwanza iwe ya nyumba yake, na mwenye haja ya bati angoje. Tumekwisha kusikia wengine wakisema mhariri anawatetea walioko Ulaya na Amerika. Ndiyo, katika hili twawatetea.

Limebaki neno juu ya jirani. Katika Noeli ya mwaka 2022 tufani ya theluji ilipiga mji wa Buffalo, kando ya ziwa Erie, katika jimbo la New York, mji ambao Wakongo wengi waongeao Kiswahili wamepata makao. Upepo ulivuma tangu tarehe 23 Desemba. Mtu hakuweza kuona mkono wake mwenyewe. Katika uwanja wa ndege theluji ilifika kama sentimeta 130. Magari ya wagonjwa na ya wazima-moto yalinaswa barabarani kama magari mengine. Katika wilaya ile watu 47 walikufa, wengine ndani ya magari yao, wengine njiani kwa miguu, wengine nyumbani mwao katika baridi wakingoja msaada uliokuwa umekwama. Wengi walikuwa wametoka ili kununua chakula tu, au kwa kuwa kazi haikuwaruhusu kubaki. Anayenaswa garini na asitoke kutembea. Awashe injini kama dakika kumi katika kila saa, dirisha limefunguliwa kidogo, naye kwanza aondoe theluji katika bomba la moshi, kwa sababu ile ile tuliyokwisha kuieleza.

Karibu na Buffalo, katika mji mdogo uitwao Cheektowaga, mtu mmoja aliyenaswa usiku wa tarehe 23 aliomba kupokewa nyumba kwa nyumba, akakataliwa, ingawa alitaka kulipa. Asubuhi, mafuta ya gari yakiwa yameisha, aliiona shule karibu, akavunja dirisha, akaingia. Kisha akarudi katika upepo, akapita gari kwa gari, akawaingiza watu zaidi ya ishirini, wazee kati yao. Wakala chakula cha watoto wa shule na kulala juu ya magodoro ya mazoezi. Walipoondoka siku ya Noeli walifagia mahali pote, naye akaacha barua ya kuomba radhi kwa ajili ya dirisha. Polisi walimtafuta wamshukuru. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kufundisha zamani kwamba katika lazima kubwa ya kufa na kupona, kuchukua kitu cha mwingine ili kuokoa uhai si wizi. Tulilisoma somo hilo katika mwaka wetu wa pili, tukalijibia mtihani, na hatukudhani tungeliona limetimizwa na mtu mwenye gari lililoishiwa mafuta. Zile nyumba zilizomfungia mlango hatuzihukumu. Zilikuwa na hofu, na usiku ulikuwa mwingi. Lakini waliofahamiana tangu siku za jua hawagongi mlango kama wageni.

Kwa hiyo, mama yetu mpendwa, jibu letu ni hili. Jumapili hii utakapompigia mwanao, mwambie kwanza kwamba ule ushauri wa mkaa umeufuta, na ya kuwa ni wewe mwenyewe unayeufuta, si sisi. Wa mama hufutwa na mama. Mwulize kama lile jiko bado liko uani. Kisha mwulize jina la jirani wa mlango wa kuume, na kama ni mzee anayekaa peke yake. La bati la jikoni usilitaje mpaka Pasaka.